WAPARE: KABILA MOJA, ASILI NYINGI

Wadau, kama umewahi kupanda basi la Dar kwenda Moshi au Arusha, hii unaijua. Ukishapita Mombo na Mkomazi, mkono wa kulia milima inaanza kukufuata kama imetumwa. Hedaru ipo, Makanya ipo, Same ipo, Mwanga bado ipo tu. Chini ni vumbi, mibuyu na mashamba ya mkonge, juu kabisa ni kijani na ukungu. Abiria wengi wanajua mambo mawili tu kuhusu watu wa huko juu: kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, na kwamba makande ni ya kwao. Ukiuliza watu hao walitoka wapi, mmoja atakujibu haraka haraka, "Taita, Kenya." Mwingine atadakia, "Si Wachaga tu hao?"

Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi. Lakini ukiyachukua yalivyo unapotea. Hakuna siku hata moja ambayo Wapare walifunga virago wakahama kama kundi moja kutoka sehemu moja. Walikusanyika. Mlima ndio uliowakuta wengine, ukawapokea wengine, na upare wenyewe, yaani ile hali ya kusema "sisi ni kabila moja", ni kitu kilichotengenezwa taratibu, tena sehemu yake si ya zamani sana.

Anza na majina, maana hapo huhitaji kitabu. Darasani au kazini ukisikia Msuya, Mshana, Mbwambo, Mmbaga, Mgonja, Msangi, Mfinanga, Mchomvu, Mndeme, unajua moja kwa moja mtu ni wa wapi. Sasa wengi wetu tunadhani hayo ni majina ya ubini ya kawaida tu, kama babu fulani aliitwa Msuya basi na wajukuu wakawa Msuya. Siyo. Mengi ya hayo ni majina ya koo. Msuya ni mtu wa Wasuya, Mshana ni wa Washana, Mbwambo ni wa Wabwambo. Ndiyo maana unaweza kukutana na Mbwambo ishirini Dar na hakuna hata mmoja anayemjua mwenzake. Na kila ukoo una hadithi yake ya ulikotoka. Uliza wazee watatu wa koo tatu "tulitoka wapi", utapata safari tatu tofauti, na hakuna anayekudanganya.

Jina la kabila lenyewe ndiyo kali zaidi. Wapare kwa lugha yao hawajiiti Wapare. Wanajiita Vaasu, na lugha yao ni Chasu (upande wa kusini utasikia wanatamka kwa th, Vathu na Chathu). "Pare" ni jina la kupewa na majirani. Hadithi inayopendwa inasema katika vita moja na Wachaga, Wachaga walikuwa wakipiga kelele "mpare!", yaani mpige, na jina likaganda. Mimi hadithi za namna hii huwa nazisikiliza kwa sikio moja, kwa sababu karibu kila kabila Tanzania lina hadithi ya jina lililotokana na kelele za vita au mzungu aliyesikia vibaya. Lakini hilo la kwamba jina lilitoka nje halina ubishi.

Turudi nyuma kabisa. Miaka ya 1960 mtaalamu wa mambo ya kale, Robert Soper, alikuta katika milima ya Upare vigae vya vyungu vya aina ile ile inayoitwa Kwale, kwa jina la Kwale ya Kenya kule pwani. Vyungu hivyo vinahusishwa na wakulima na wafua chuma wa mwanzo wa Kibantu katika eneo hili, katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Kwa hiyo karne nyingi kabla hajatokea mtu wa kuitwa Msuya wala Mgonja, milimani kulikuwa na watu wanalima, wanafinyanga na wanayeyusha chuma. Wabantu kwa jumla asili yao ya mbali inapelekwa mpakani mwa Nigeria na Kamerun, lakini hapo tunazungumzia safari ya vizazi na vizazi, siyo ya mtu na mkewe na ng'ombe watatu.

Na hapo kwenye chuma ndipo historia ya Upare inapoanza kuwa na majina. Upande wa kaskazini, huko Ugweno na Usangi, ambako leo ni Wilaya ya Mwanga, ukoo uliokuwa juu ulikuwa wa Washana, wahunzi. Walichukua mchanga wenye chuma kwenye vijito, wakauyeyusha, wakafua majembe na mikuki. Wachaga waliokuwa wakipigana wao kwa wao kule Kilimanjaro walitegemea sana chuma kutoka Ugweno. Fikiria basi, ukoo mmoja ndio wenye jembe la mkulima na mkuki wa askari. Hata kutawala hakukuhitaji nguvu nyingi.

Kisha Wasuya wakawapindua. Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye mwenyewe alikuwa Mpare, alikusanya masimulizi ya wazee katika miaka ya 1960, akahesabu vizazi, na mwaka 1969 akachapisha kitabu cha historia ya kisiasa ya Wapare kinachoanzia karibu mwaka 1500. Mapinduzi ya Wasuya anayaweka huko huko mwanzoni. Mtawala anayekumbukwa zaidi katika Wasuya ni Mranga. Huyu hakukaa tu kwenye kiti. Alipanga mabaraza ya wazee, na mafunzo ya jando ambayo kila ukoo ulikuwa unafanya kivyake yakawa jambo la nchi nzima ya Ugweno. Vijana wa koo tofauti waliingia pamoja msituni, mshitu, wakatoka wakiwa rika moja. Hebu angalia akili hiyo: huwezi kumfanya Mshana asahau kwamba amepinduliwa, lakini mwanawe ukimpeleka porini na mwana wa Msuya, wakala shida pamoja, akitoka ana ndugu upande wa pili.

Washana nao hawakufutika. Waliendelea na uhunzi, na heshima yao ikabaki, ikachanganyika na hofu. Hadi leo ukitaka kuona Mpare wa kaskazini amebadilika uso, mwambie umemwibia Mshana. Laana ya wahunzi haichezewi. Na Wasuya kama unataka mfano wa karibu, Cleopa Msuya, aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili (1980 hadi 1983, halafu 1994 hadi 1995) na kufariki mwaka 2025, alikuwa mtu wa Mwanga. Jina la ukoo lile lile.

Sasa lile swali la "si Wachaga hao?" Hapa lugha inatusaidia kuliko hadithi. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaiweka Chasu katika kundi la pwani ya kaskazini mashariki. Ndugu yake wa damu ni Kitaveta, kinachosemwa Taveta ng'ambo ya mpaka, na kundi hilo hilo kubwa lina Kishambaa, Kibondei, Kizigua na, usishangae, Kiswahili chenyewe. Yaani Chasu kiko karibu zaidi na Kiswahili unachosoma hapa kuliko kilivyo karibu na Kichaga. Mpare si Mchaga, basi. Kesi imekwisha?

Haijaisha, kwa sababu kuna Kigweno. Lugha ya asili ya Ugweno, pale pale kwenye nchi ya Washana na Wasuya, siyo tawi la Chasu. Ni ndugu wa lugha za Kichaga, ingawa imekaa na Chasu muda mrefu mpaka imejaa maneno yake. Kwa hiyo dola ya kwanza inayojulikana kwenye milima ya Upare ilikuwa katika nchi ambayo lugha yake imeelekea Kilimanjaro, wakati jina la kabila na lugha ya kabila vimeelekea upande mwingine. Mgweno leo akiulizwa ni nani atakwambia Mpare, na hajakosea. Lakini bibi yake akiongea Kigweno, Mpare wa Mamba au Hedaru anabaki anakodoa macho.

Na Taita? Zipo koo nyingi Upare zinazosimulia kwamba wazee wao walitoka milima ya Taita, na hakuna sababu ya kuwabishia. Toka Upare siku ya anga safi ukitazama mashariki na kaskazini unaelewa: tambarare ya Mkomazi na Tsavo katikati, na milima ya Taita inaonekana ng'ambo kama kisiwa kingine. Ukame ukipiga, ukoo unahama kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine. Lakini ukoo kuhama ni jambo moja na lugha kuhama ni jingine. Anayehamia kwa watu anajifunza kuongea kama wao, na mjukuu wake anabaki na hadithi ya Taita akiisimulia kwa Chasu. Baadaye, mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani wakagawana eneo hili, na mpaka uliochorwa ukapita hapo hapo. Ziwa Jipe likagawanyika, Taveta ikawa upande wa Waingereza, na ndugu wa Chasu wakawa wageni wanaohitaji karatasi kutembeleana.

Mfano unaonishangaza kuliko yote ni wa Wambugu, ambao leo wanaishi Usambara, huko Lushoto. Masimulizi yao yanasema walipita Upare Kusini. Wana namna mbili za kusema. Ya kawaida, Kimbugu, inafanana sana na Chasu. Ya ndani, Kima'a, ina maneno mengi sana ya Kikushi, ukoo wa lugha za akina Wairaqw na Wasomali, lakini sarufi yake, yaani viambishi na jinsi maneno yanavyopangwa, ni ya Kibantu cha Upare. Wanaisimu wamebishana juu yake kwa miaka mingi, na mwaka 2003 Mholanzi Maarten Mous alitoa kitabu kizima kueleza lugha ya namna hiyo inazaliwaje. Kwetu sisi inatosha kujua hivi: kwenye milima hii kulikuwa na wafugaji wenye asili ya Kikushi pia, na walichanganyika na Vaasu kiasi cha kuchukua mifupa ya lugha yao. Kwa hiyo anayetafuta "damu safi ya Kipare" anajisumbua.

Kama siyo damu moja wala njia moja, nini kiliwafanya wawe kitu kimoja? Mimi nasema maji. Milima ya Upare juu ina mvua, kilele cha Shengena kwenye msitu wa Chome kinafika kama mita 2,460, lakini chini tambarare ni kavu kabisa, na vijito ni vidogo. Ukikiacha kijito kitiririke hivi hivi, maji yanaishia njiani kabla ya kufika shambani. Wapare wakatengeneza ndiva. Ni bwawa la kukinga maji: usiku, watu wakiwa wamelala, kijito kinaingizwa ndani kwa mfereji, asubuhi mlango unafunguliwa na maji ya usiku kucha yanatoka kwa mkupuo, yana nguvu ya kufika mbali. Halafu kuna zamu. Leo ya huyu, kesho ya yule, na anayefungua maji usiku kwa wizi anakiona. Ndiva ya Manoo pale Bangalala, juu ya Makanya, imeletewa watafiti kutoka nchi mbalimbali, wakapima na kuandika, na hadi leo kuna ndiva zinafanya kazi.

Ndiva haijengwi na mtu mmoja, na haisafishwi na mtu mmoja. Hapo ndipo inapoingia msaragambo, kazi ya pamoja. Tangazo linapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, asiyekuja anatozwa. Neno hilo msaragambo nimelisikia hata kwa watu ambao si Wapare, kwenye ujenzi wa shule na barabara za vijijini. Na hapa nina nadharia yangu ndogo kuhusu ule utani wa kesi ya kuku. Watu ambao maisha yao yote yanategemea zamu ya maji wanajifunza mapema kwamba ukikubali kudhulumiwa nusu saa leo, mwakani huna zamu. Ukiona Mpare anakomalia kitu kidogo usicheke sana, pengine kilichoko nyuma yake si kidogo.

Koo nazo zilikuwa na misitu yao, mpungi, ya matambiko. Hairuhusiwi kukata mti humo, na baadhi ya misitu hiyo bado imesimama katikati ya mashamba. Kulikuwa pia na mahali pa kuhifadhi mafuvu ya wazee waliotangulia, mapangoni au chini ya miamba, kila ukoo na pake. Kijana wa siku hizi akisikia anaogopa, lakini ilikuwa ndiyo hati ya ardhi. Mafuvu ya babu zangu yako hapa, kwa hiyo hapa ni kwetu.

Karne ya 19 nitaipitia haraka kwa sababu ilikuwa mbaya na inafanana na ya majirani wote. Misafara ya pembe na watumwa ilipita bondeni, bunduki zikaingia, wakubwa wadogo wakapigana wao kwa wao, na watu wakawa wanajificha. Mbaga wenyeji wanalionyesha pango la Mghimbi ambako watu walikimbilia. Wakaja Wajerumani, reli ya kutoka Tanga ikapita chini ya milima hadi Moshi. Wakaja na wamisionari: Wasabato walianza kazi yao ya kwanza katika Tanzania yote pale Giti, Upare Kusini, mwaka 1903, na Walutheri walikuwa sehemu nyingine, kaskazini na kusini. Mlutheri mmoja, Jakob Dannholz, aliishi Mbaga kuanzia 1908 na aliandika sana mila za Wapare. Aliandika kama mmisionari, kila tambiko kwake lilikuwa giza, lakini alisikiliza, na mengi tunayojua leo tunamdai yeye.

Halafu ikaja Mbiru, na kwangu hii ndiyo siku Wapare walipojitambua kweli kama watu wamoja.

Serikali ya Mwingereza ilikuwa imewaweka watawala wa sehemu mbalimbali, wafumwa, katika baraza moja la Upare, makao makuu ya wilaya yakiwa Same. Katikati ya Vita Kuu ya Pili wakaleta kodi mpya: badala ya kila mtu kulipa kiasi kile kile, mtu apimwe utajiri wake, mwenye zaidi alipe zaidi. Wakaipa jina la zamani, mbiru, jina la ushuru waliokuwa wakitoa wazee. Kwenye karatasi ilionekana haki tupu. Kwa watu ilikuwa balaa. Nani atahesabu mbuzi wako? Jirani yako? Huyo uliyegombana naye juu ya mpaka? Na kwa nini jina la heshima libandikwe kwenye kodi ya mzungu?

Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani wakaenda Same, wakakaa. Hawakuchoma kitu. Walikaa tu kwa zamu, hawa wakirudi kulima, wale wanakuja, wakisema kodi ya kawaida tutalipa ila mbiru hatulipi. Paulo Mashambo ni kati ya viongozi waliokumbukwa. Wakubwa walijaribu vitisho, wakawaondoa viongozi, haikusaidia. Ukiangalia vizuri, ulikuwa msaragambo mtupu, ila safari hii kilichojengwa si ndiva.

Na wanawake wa Usangi wakaingia. Waume wako Same miezi na miezi, mashamba yamelala. Wakatembea kwa miguu hadi makao makuu ya wilaya kudai maelezo. Mtafiti wa Kimarekani Jean O'Barr, aliyeandika habari zao, anaeleza kwamba walimpa mkuu wa wilaya chaguo: amalize shauri waume zao warudi nyumbani, au awape mimba yeye mwenyewe wote. Sijui huyo bwana alipata usingizi usiku ule. Mvutano uliendelea hadi 1947, na mbiru ikaondolewa.

Angalia nani alikuwa amekaa pale Same. Watu wa koo za Taita, wajukuu wa Washana na wa Wasuya waliowapindua, watu wa kusini wa Chasu na wa kaskazini ambao nyumbani kwao kulisemwa Kigweno, Walutheri, Wasabato na Waislamu. Hawakuwa na asili moja. Walikuwa na shauri moja.

Tangu 1967 sensa ya Tanzania haimuulizi mtu kabila lake, kwa hiyo hakuna anayeweza kukupa idadi ya Wapare ya leo. Tunajua tu watu wa wilaya: mwaka 2012 Same ilikuwa na 269,807 na Mwanga 131,442, wa makabila yote, na Wapare wengi wapo Dar, Tanga, Arusha na kwingineko. Chasu bado kina nguvu, kinasikika sokoni na kanisani. Kigweno ndicho kiko pabaya. Watoto wa Ugweno wanakua na Kiswahili na Chasu, na wanaokijua barabara wanazidi kuwa wazee. Masimulizi ya Washana na mshitu wa Mranga yalisimuliwa kwanza kwa lugha hiyo. Mwenye bibi au babu Ugweno, Krismasi au Idi ukipanda kwenda kijijini, mwombe akusimulie kwa Kigweno, siyo kwa Kiswahili, na simu yako iwe inarekodi. Hata dakika kumi tu.